Koti la Mkuu wa Chuo

Korongo, mkuu wa chuo cha wanyama, alirudi baada ya mwezi mzima kwenye mkutano wa mazingira ughaibuni, akakuta jenereta la chuo linafuka moshi maradufu. Akamwita Fuko, mfagiaji.

"Unaacha taa zinawaka! Kuanzia leo huna kazi."

"Mkuu, mimi sioni. Taa za nini?"

Wakafuata ubaridi uliovuja koridoni, wakafika ofisini kwa Korongo mwenyewe. Kiyoyozi kilinguruma, taa ziliwaka, na kiti kilikuwa kimevishwa koti lake.

"Nani kawasha?"

"Ni wewe, bosi," akajibu Kanga, karani wake. "Ulisema tusizime, watu wadhani upo."

Fuko akauliza kwa upole, "Kwani huko mkutanoni ulifundisha nini, Mkuu?"

Korongo akainamia kucha zake.

"Kuzima," akasema.