Taa ya Kiti cha Mzee Kitwana

Siku hizi ukumbini hakuna makofi. Kila kiti kina taa, na moyo wako ukienda mbio kwa ajili ya mwimbaji, taa inawaka, ukumbi mzima unaona. Basi mkewe Mwanamvua aliporudi jukwaani, katika mchezo wa zamani wa nyimbo uliofufuliwa, mzee Kitwana hakutaka kubahatisha. Alibugia vikombe sita vya kahawa chungu, akapanda ngazi mbio, akaketi moyo ukidunda kama msondo.

Mwanamvua akaimba, taa ikawaka. Kitwana akajipongeza kimoyomoyo. Kisha akaingia Rukia, nyota mwenzake Mwanamvua, kiuno cha nyigu na sauti ya asali. Taa haikuzimika ng'o, mpaka pazia likafungwa.

Nyumbani Mwanamvua alifuta wanja taratibu. "Bwana, kumbe Rukia amekuingia."

"Mke wangu, ile ilikuwa kahawa tu."

"Ya Rukia ilikuwa kahawa. Na yangu je?"

Kitwana akainama kuvua viatu.

"Haya. Kesho utakwenda umefunga, bila hata tone la kahawa, nami nitaimba nikikutazama wewe."

Mzee akamtazama mkewe, akaweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa umetulia tuli, kama maji ya mtungini.