Kipaza Sauti cha Pili

Harufu ya losheni ilipanda na mvuke wa pasi, na haikuwa losheni ya Awuor. Alisimamisha mkono kidogo juu ya kola ya shati la Nashon. Kisha akaendelea kupiga pasi, maana watu wa televisheni walikuwa wanafika saa nne.

Kwamba kulikuwa na mwanamke mwingine, hilo alilijua zamani. Asichokijua ni kama leo Nashon angekuwa na moyo wa kusema ukweli.

"Leo utasema?" alimuuliza.

Nashon alikuwa mbele ya kioo akinyoa ndevu. "Si nilikuambia nitasema."

"Mbele ya kamera?"

"Mbele ya kamera. Mkataba inaisha leo, Awuor. Tulia."

"Nauliza juu mimi nimechoka. Mwaka ni mrefu."

Nashon alisuuza wembe, akaupangusa vizuri, akaurudisha kwenye kikombe chake.

Mambo haya yalianzia River Road, kwenye duka la kuchapisha ambako Nashon alishinda akichapa kadi za harusi za watu wengine. Siku moja alirudi Dagoretti na fomu mfukoni. Kipindi cha televisheni kilikuwa kinatafuta watu wasio na ndoa, kiwakutanishe, kiwaoze mbele ya nchi nzima, kisha watakaofika mwaka mmoja wakiwa pamoja wapewe mtaji wa biashara. Yeye na Awuor walikuwa wameishi njoo-tukae miaka sita katika chumba kimoja, bila cheti, bila mahari, bila hata kreti ya soda kupelekwa kwa kina Awuor kule Ugenya.

"Kwani sisi tumeoana?" Nashon alimuuliza siku hiyo, akicheka. "Hakuna karatasi inasema."

Mwaka mmoja tu wa kuigiza, alisema. Baada ya hapo angewakusanya wazee waende Ugenya na mahari, kama mwanamume. Awuor alicheka pia, na kicheko hicho alikuwa anakijutia hadi leo.

Siku ya harusi alilia mpaka kamera ikamsogelea, na nchi nzima ikasema hayo ndiyo machozi ya furaha. Huko mitandaoni watu waliapa kwamba ndoa za televisheni hazimalizi miezi mitatu. Awuor alisoma kila neno. Miezi mitatu ikapita, ikawa sita, ikawa kumi na miwili. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hawakumuonea mtu. Alikonda hadi majirani wakauliza kama anaumwa. Lakini alimpenda Nashon, alimpenda vibaya, na mtu akishapenda hivyo hata ahadi ya mdomo huiona ni nyumba ya mawe.

Alipangusa vumbi kwenye picha kubwa ya harusi, pale sebuleni Uthiru, kwenye nyumba waliyopangishwa na kipindi, bila kuitazama. Akarudi jikoni kugeuza samaki.

Saa nne kasorobo mtangazaji, Lornah, aliingia na mpiga picha wake.

"Sasa, Awuor. Mbona umekonda hivi?"

"Ni kazi tu."

Taa zikawashwa. Mpiga picha alimketisha Nashon kwenye kochi, akambana kipaza sauti kidogo kwenye kola. Cha pili alibaki nacho kiganjani. Awuor alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, aproni ikiwa bado kiunoni, akimtazama mtu wake ndani ya shati alilompigia pasi. Alipendeza.

"Hatuna wakati," Lornah alisema. "Nashon, tuanze na wewe. Watu walisema ndoa kama hii haiwezi kudumu. Unawaambia nini?"

Nashon alishusha pumzi. Alitazama zulia, kisha akainua macho kwenye kamera.

"Nawaambia ukweli," alisema. "Nilikuja hapa juu ya mtaji. Sikuja kutafuta mke. Lakini kuna mtu amenivumilia, hata vile sikustahili. Nimemwambia maneno mob ya uongo. Leo nataka Kenya yote ijue yeye ndiye bibi yangu, na sitamwacha."

Mwaka mzima Awuor alikuwa amengoja maneno hayo, na sasa yamesemwa, mchana peupe, hakuna wa kuyafuta. Machozi yalimtoka akayaacha yateremke. Alifungua kamba za aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya friji. Akalainisha nywele kwa viganja vyake vilivyonuka samaki, akapiga hatua kuelekea kochi.

Mlango wa mbele ukafunguka. Mwanamke aliyetoka saluni, pete ikiwa kidoleni, alipita mbele yake akaketi ubavuni mwa Nashon, na mpiga picha akainama kumbana kile kipaza sauti cha pili.

"Mnisamehe nimechelewa," Waithera, bibi harusi wa ile picha ya sebuleni, alisema, akaushika mkono wa mumewe. "Jumamosi wazee wa kina Nashon walileta mahari kwetu, so sasa hii ndoa si ya TV tena. Na huyo hapo ni dada yake mkubwa, ndiye ametupikia leo."