Upindo wa Kanga Kwenye Gia

Kitendawili, wajukuu zangu: nakilisha mimi, chamtii jirani. Jibu ni gari la babu yenu.

Magari ya sasa, haya yanayosema, humtii aliyeyatengeneza mwisho. Chuma cha gia kilipochomoka njiani Kibaigwa, Bi Mwajabu, yule mjane jirani yetu aliyepewa lifti siku hiyo, alikifunga kwa upindo wa kanga yake. Tangu hapo gari haliwaki mpaka aje yeye kuligusa, kila asubuhi, macho yamekolea wanja.

Jana niliukata ule upindo, nikafunga kwa mpira wa baiskeli.

"Mama Shangwe, utaliharibu!" babu yenu akalia.

Likawaka. "Shikamoo, mama," likaniamkia. "Je, jioni tutampitia tena Bi Mwajabu?"

Babu yenu akashika kitambaa, akafuta kioo kilichokwisha kung'aa.