Nguchiro na Vibuyu Viwili vya Maziwa

Nguchiro alikuwa na dawa na alikuwa na domo, na domo ndilo lililotangulia. Alichemsha kivumbasi, akaingia sokoni akirukaruka: "Inaua vijidudu! Inayeyusha uvimbe!"

Bibi Ngiri, mwenye uvimbe shavuni, akainua kichwa. Lakini Kalunguyeye, mpimaji asiyeamini mpaka aone, akasema, "Taratibu, bwana. Tuanze na vijidudu vya maziwa, uvimbe utafuata." Akajaza maziwa vibuyu viwili. Kimoja akakitia dawa na kukifunga jani shingoni, kingine akakiacha hivyo hivyo.

Siku ya tatu alfajiri Nguchiro akaenda kuchungulia. Moyo ukamlipuka! Kwenye kibuyu chake maziwa yalikuwa yale yale, majimaji kama juzi. Kwenye kile kingine yameganda, mazito, yanatikisika.

"Kumbe dawa yangu haijafanya kitu!" Haraka haraka akalihamisha jani.

Kulipokucha Kalunguyeye akafunua, akanusa. "Chenye jani kimechacha, vijidudu vimestarehe humo. Kisicho na jani ndicho kizima. Dawa haifai."

"Inafaa!" Nguchiro akaruka juu. "Jani nimelihamisha mimi!"

"Basi ama dawa yako ni mbovu, ama wewe ni mwongo. Chagua."

Nguchiro akabinuka kwa furaha, akazunguka soko zima akiimba, "Mwongo! Mimi ni mwongo mkubwa!"

"Nipe kikombe!" Bibi Ngiri akashangilia.

"Ngoja kwanza, bibi," akasema Kalunguyeye, akiosha vibuyu. "Mwongo tumeshampata. Dawa tutaijua baada ya siku tatu."