Picha ya Suqin Akisukuma Jiwe

Mama mkwe alitaka Suqin apigwe picha akiwa kazini, jasho likimtoka.

"Usimkalishe kwenye kiti kama bibi harusi," alimwambia mke wa Mchungaji Lin, aliyekuwa akihangaika kuisimamisha kamera uani. "Mpige akisukuma jiwe. Mikono ionekane."

Suqin aliegemea gogo la kusukumia jiwe la kusagia, akavuta pumzi. Punda wao walimuuza mwaka wa ukame, na tangu hapo yeye ndiye aliyelizungusha jiwe lile, akisaga mtama wa nyumbani na wa majirani.

Familia ya Mchungaji Lin ilikuwa imekaa jimboni Shandong muda mrefu hata watu wakasahau jina lao la Kiswidi. Baba, mama na binti yao mkubwa, wote walipiga picha, na picha zenyewe hazikuwa za mahekalu wala za wakubwa. Walimpiga kinyozi akinyoa, muuza tofu akitua mizigo yake chini, bibi akimtoa mjukuu chawa. Zilipelekwa kwao, watu wa makanisa yao wazione. Kijijini walikuwa wakitaniana kwamba wageni hawa hata punda akijikuna watampiga picha.

"Na wewe, Mama, simama hapo pembeni yake," Mama Lin alisema.

"Mimi nitaiharibu. Mpige peke yake. Ila nazitaka mbili. Moja ibaki hapa, nyingine isafiri."

Isafiri. Suqin alijua ni wapi. Mama mkwe hakutaka mwanawe aone alivyozeeka, lakini alitaka aone kwamba mkewe yupo na anamsubiri.

Baotian, mumewe, alikwenda kaskazini kwenye machimbo ya makaa ya mawe mara tu baada ya ule ukame. Majira ya baridi yaliyopita, mtu wa kijiji cha jirani aliyechimba naye alirudi, akamkuta Suqin kisimani. Paa la mgodi limeporomoka, alimwambia. Tumemzika hukohuko.

Suqin aliteka maji, akayabeba mpaka nyumbani, akapika uji. Wakati ule mama mkwe alikuwa kitandani, kifua kimembana. Suqin akasema moyoni, akipona nitamwambia. Alipopona, maneno hayakutoka. Badala yake alianza kuleta salamu za uongo: fulani ametoka kaskazini, kamwona Baotian, mzima, kanenepa hata. Kila alipodanganya, bibi alitikisa kichwa kuitikia, akaendelea na uji wake.

Jiwe lilimchosha mwili, lakini usiku lilimwacha apumzike. Uongo haukumpa hata hiyo nafasi. Hakuweza kulia mbele ya mtu, wala kuvaa nguo nyeupe za msiba. Alichofanya ni kushona utepe mweupe ndani ya koti lake, upande wa moyo, pasipoonekana.

Asubuhi ya siku ile ya picha alikuta mama mkwe amelifua koti na kulishona kwapani lilipokuwa limechanika. Aliligeuza haraka. Utepe ulikuwa mahali pake. Akashusha pumzi. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kufifia; hangeuona.

"Cheka kidogo," mama mkwe alisema sasa. "Meno yaonekane."

"Nicheke nini, Mama, na jiwe hili?"

"Cheka tu. Atakayeiona picha hatajua jiwe lina uzito gani." Kisha akamgeukia Mama Lin na kupaza sauti, kama anayenadi kitu sokoni. "Huyu tangu aingie nyumba hii hajalala kitandani kwa ugonjwa. Anasukuma kuliko yule punda tuliyemuuza. Na hana mdomo."

Miaka yote ile Suqin hakuwahi kumsikia bibi yule akimsifu. Alitaka kucheka, akajikuta anacheka kweli, na kamera ikalia.

Mtama wa kiangazi ulikuwa umeshavunwa Mama Lin aliporudi. Alimkuta Suqin anapepeta, peke yake. Mama mkwe alikuwa ameondoka alfajiri na fimbo yake, akisema anakwenda kumjulia hali dada yake.

Suqin alijifuta mikono, akaipokea picha. Aliona mwanamke mwembamba, mashavu yameingia, meno nje, mikono imeshika gogo.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ndiye wewe."

"Nimechoka hivi?"

Mama Lin alikaa juu ya ukingo wa jiwe, akajipepea kwa kofia yake.

Suqin alikuwa ameshajua la kufanya. Angeichukua ile picha ya pili, aende nayo njia panda, aichome kama watu wanavyowachomea wafu wao karatasi ziwafikie. Baotian angeipata. Angalau katika hilo asingekuwa amemdanganya mama wa watu.

"Ile nyingine nipe mimi, Mama Lin. Nitaituma mwenyewe."

"Hiyo sinayo, mwanangu. Mama mkwe wako aliifuata kanisani jana." Mama Lin alimtazama kwa mshangao. "Hakukwambia? Leo ameipeleka kwa mshenga, kule ng'ambo ya mto."

"Mshenga wa nani?"

"Wako. Anasema wewe bado kijana, hataki uzeekee kwenye jiwe kwa sababu yake." Akamshika mkono. "Na ameniomba nikupe pole ya mumeo. Anasema amejua tangu majira ya baridi, anajaribu kukupa mwenyewe, na kila mara inamshinda."