Picha za Sabra

Shaweji alichomeka ncha moja ya waya kwenye kompyuta yake, nyingine kwenye ya Mwajabu, akakaa upande wake wa zamani wa meza. Talaka ilikwishaandikwa. Alifuata nakala ya picha za mtoto wao, Sabra, waliyemzika kabla ya masika.

"Hazitachukua muda, Mama Sabra."

Mwajabu akamimina chai, vikombe viwili kwa mazoea. Aliporudisha macho kwenye skrini yake, folda ilikuwa inapungua. Sabra mchanga hayupo. Sabra wa mapengo akafuata, kisha Sabra wa sare ya shule. Akaelewa: Shaweji amebonyeza kuhamisha badala ya kunakili. Waya ulikuwa karibu na mkono wa Mwajabu, angeuchomoa tu. Hakuuchomoa. Alitazama kama anavyotazama maji yakitoka kwenye karo.

"Nimekosea," Shaweji alisema hatimaye. "Nimezihamisha. Ngoja nizirudishe."

"Ziache."

"Huzitaki?"

Chai ilianza kuota utando.

Kompyuta ya Shaweji ikapiga mlio. "Imebaki moja. Inasema imefunguliwa huko kwako. Ifunge, ije."

Mwajabu alikuwa ameifungua asubuhi, akaisahau nyuma ya kazi nyingine. Akaileta mbele: Sabra haonekani vizuri, kisogo tu, anakimbilia mlangoni.

"Mama Sabra?"

Mkono wa Mwajabu ulikuwa juu ya kipanya. Penye tundu la waya, taa ndogo iliendelea kupepesa.