Sauti ya Ronald

"Kohoa tena," Auma alisema. "Kikohozi cha Ronald hakikutoka kooni. Kilitoka tumboni."

Donald akavuta pumzi hadi mbavu zikapanuka, akakohoa. Shanice, aliyekuwa ameketi penye kona ya ukumbi amefumba macho ili asikilize, akaanza kulia. Wakajua ndiyo yenyewe.

Ronald alikuwa mwigizaji mwenzao katika kikundi cha Kaloleni, mjini Voi. Juma lililopita lori lilimgonga akiwa kwenye bodaboda, na mwili wake ulikuwa bado mochari. Babake, mzee Mwandawiro, aliteremka kutoka Chawia kuwaomba jambo moja. Mkewe Mama Wakesho, mamake Ronald, alikuwa haoni, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Daktari alionya kwamba habari hiyo ingeweza kumuua. Alikuwa akimuulizia Ronald kila siku, ingawa tangu Jumapili alikuwa amenyamaza. Wangempelekea sauti tu, mara moja, apate nguvu kidogo kabla ya kuambiwa.

Auma, aliyekiongoza kikundi, hakulipenda wazo hilo, lakini alishindwa kumkatalia mzee. Siku mbili akawafunza. Donald aburute mguu wa kushoto kama Ronald. Shanice amtanie jinsi alivyozoea kumtania. Kila mmoja asikilize pumzi za mwenzake. Sauti ya mmoja ikikatika, mwingine aidake kabla haijaanguka.

Jumamosi asubuhi wakapanda Chawia. Donald akaburuta mguu hadi kando ya kitanda, akamwamkia mama, akalalamikia baridi ya huko milimani. Mama akamuuliza kama amekula. Akajibu vizuri. Alipoitwa "mwanangu," sauti ikamkauka. Shanice akaidaka papo hapo kwa kicheko, akasema Ronald amekuwa mlafi siku hizi. Mama naye akacheka. Mlangoni, mzee alijifuta macho kwa kofia yake.

Mama akamwomba mumewe awachemshie wageni chai, na Shanice akamsaidie. Akatega sikio mpaka nyayo zao zikafika jikoni. Kisha akaupapasa mkono wa Donald, akaushika.

"Mzee asijue kwamba nimeuliza, hataweza kustahimili," alinong'ona. "Niambie, kijana. Mwanangu alipokufa, kulikuwa na mtu karibu naye?"